Kizito na Chepesi

Wiki ile bosi na familia yake walipanda ndege kwenda Riyadh kwa harusi, na dada Mganda wa kazi za nyumbani wakaenda naye. Nikabaki peke yangu mtaani Aziziya, mimi dereva wao, kulinda nyumba na kuwasha magari yasife betri. Siku nzima ilipita bila kuongea na mtu, isipokuwa kuitikia salamu ya jirani.

Binti yangu yuko sekondari huko Kenya. Simu zetu zilikuwa zimefupika. Umekula? Nimekula. Shule? Iko sawa. Halafu anampa mama yake simu. Simlaumu, niliondoka akiwa mdogo, na mimi mwenyewe huwa sina la kuongeza.

Jioni moja akanishangaza. Alikuwa anasoma jinsi sayansi ilivyoanza kule Ulaya. Ati kwa karne nyingi wasomi waliamini kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, kwa kuwa vitabu vya kale vilisema hivyo. Baadaye wakatokea watu, mmoja wao Mwitaliano, wakasema tusiulize kitabu tu, tuangushe tuone.

"Dadi, wewe ungesema kipi kinatangulia?"

"Kizito. Si hiyo kila mtu anajua?"

"Umejaribu?"

Nikasema ngoja nijaribu, kesho nikwambie. Hiyo kesho niliifurahia kuliko swali lenyewe.

Asubuhi nikapanda ngazi gerejini, nati ya gurudumu mkono mmoja, skrubu mkono wa pili, sinia sakafuni. Nikaachilia. Mara mlio mmoja, kama vimefika pamoja, mara miwili. Sikujua kama ni vitu vyenyewe au ni mikono yangu haikuachilia pamoja. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja aangushe, mwingine atazame, na sikuwa na wa kumwita. Labda mwenye masomo angepata njia. Ningeweza kubahatisha jibu la kitabu chake nimpe binti, lakini ningekuwa nimedanganya.

Jioni nikamwambia sijui. Nilidhani atacheka, ampe mama yake simu.

"Basi wewe sikiliza, mimi niangushe," akasema.

Nikasikia kiti kikiburutwa, na mama yake akinung'unikia kifuniko cha sufuria yake. Akaangusha kufuli na shilingi juu yake. Mlio ukaja mmoja.

"Umesikia, dadi?"

Nikamwambia nimesikia mmoja, lakini mara moja haitoshi. Hata huyo Mwitaliano lazima alirudia.

"Kweli," akasema, akapanda kiti tena.