Tulilia Kwenye Maombi, Lakini Haikuwa Toba

Leo mchungaji alidhani sote tumeokoka upya. 😂

Mzee wangu, yaani baba, amemaliza nyumba yake hapa Birongo, na sebuleni amejenga mahali pa kuota moto. Mchana washirika wakaja kuiombea. Baridi ilikuwa kali, basi mzee akawasha vipande vya nguzo za ua vilivyobaki.

Maombi yakaanza. Mama akatokwa na machozi. Mimi pia. Mara chumba kizima tunalia!

Mchungaji akapandisha sauti: "Lieni tu, wapendwa! Roho anatembea!"

Shangazi yangu ana pumu. Akasimama akikohoa: "Mchungaji, huyu si Roho. Ni moshi!"

Hapo hatukucheka. Tulimtoa nje mbio, tukampa dawa yake ya kuvuta, na sasa anapumua vizuri, asante Mungu.

Jamani, nguzo hizo zimetiwa dawa ya mchwa! Msizichome nyumbani, hata jivu lake msimwagie mboga.

Nikamuuliza mzee, "Kwani kuni za kawaida ziliisha?"

"Ziko. Lakini hizo ni za kupikia wageni."

Wazee wenu pia wako hivi, ama ni wangu tu? 🤦🏾‍♀️