Bibi Aliomba Nimwinue

Iko siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nainamisha kichwa. Bibi yetu alikuwa amepasuliwa utumbo hospitalini Musoma, akatolewa uvimbe. Wazazi wetu walikwisha kufa. Bibi huyo ndiye aliyetulea kule Kiriba, nami kwa kuwa ndimi mkubwa niliacha shule darasa la tano nimsaidie kulima na kulea wadogo zangu. Kumuuguza ilikuwa kazi yangu, na nilijiapiza kwamba hatanyanyua hata kikombe.

Kwetu mgonjwa hulazwa. Analishwa, anaoshwa, anafunikwa. Watu wakija kumwona wakamkuta ameketi, watauliza mmeshindwaje kumtunza. Kumbe wauguzi walikuwa na utaratibu wao. Asubuhi baada ya upasuaji muuguzi akaniambia, "Dada, leo bibi anywe uji kidogo kidogo, akae kwenye kiti, na jioni utembee naye hadi mlangoni. Mzee akilala sana kifua kinajaa, na miguu inaishiwa nguvu."

Nikaitikia, ingawa sikuelewa kifua kinajaa nini. Moyoni nikasema, huyu hana bibi.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mzee wa Kibara, naye kapasuliwa utumbo vilevile. Alipita ameshika mkono wa binti yake, akamchokoza bibi: "We mwenzangu, umekuja kuatamia mayai? Inuka tushindane!"

Bibi akacheka huku ameshika kidonda. "Nilikuwaga nawashinda wenzangu na ndoo kichwani, sembuse wewe! Mjukuu wangu, niinue."

"Lala, bibi. Mimi nipo."

"Najua upo. Niinue."

Sikumwinua. Muuguzi aliporudi kuuliza kama ametembea, nikajibu, "Ametembea." Bibi alinitazama tu, hakutaka kuniaibisha mbele za watu. Kesho yake nikasema uongo uleule.

Siku yule wa Kibara alipoondoka kwa miguu yake, bibi alikuwa na homa, kifua kinakoroma. Tulikaa pale wiki nyingi. Kidonda kilipona, miguu haikurudi. Nilimbeba mgongoni kumwingiza nyumbani, na miaka miwili aliyobakiza aliitazama mihogo yake kupitia dirisha. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona aibu kwa sababu ya darasa langu la tano. Nikaficha kutoelewa kwangu nyuma ya mapenzi.

Mwanangu, wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Na kwa mzee ni hivyohivyo. Utakapomuuguza mzazi aliyepasuliwa, wasikilize wanaomtibu. Usilolielewa uliza, uliloshindwa sema kweli. Mpe mkono atembee polepole, hata akikunja uso. Na akikuomba mwenyewe umwinue, usimwambie upo. Mwinue.

Mungu akujalie wazee wa kuwashika mkono, na awape wao nguvu ya kutembea nawe.