Mgeni Aliyenikataza Kumtia Kambale

Hiki ninachokusimulia kimenitokea mimi mwenyewe, hapa Kilosa, saa kumi jioni, jua linawaka. Nakutajia saa mapema kwa sababu najua utasema nilikuwa nasinzia. Sikuwa nasinzia. Nilikuwa nimeshika ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na kambale.

Nina saluni, na nyuma yake ndiko ninakoishi na binti yangu wa miaka miwili. Wakati huo mama yangu pia alikuwepo, ametoka Kisanga kuja kunisaidia kulea. Nilikuwa nimenunua tangi la kioo la kufugia samaki kwa mtu wa Mikumi aliyekuwa anafunga nyumba yake ya wageni. Nilitaka wateja wapate cha kutazama wakati wanasukwa, maana midomo yao ikikosa kazi wananisengenya mpaka mimi ninayewasuka. Yule mtu aliniuzia goldfish wawili wa rangi ya dhahabu na gapi sita, visamaki vidogo kama kidole, akanionya nisichanganye samaki ovyo. Unadhani nilisikia? Jirani aliponiletea kambale mdogo wa Mto Mkondoa nikajisemea samaki ni samaki, wote wanakaa majini, watazoeana.

"Huyo usimtie humo."

Nikageuka. Mlangoni amesimama msichana wa kama miaka kumi na minne, gauni la maua, miguu mitupu, vidole vimeishia kwenye kizingiti. Hakunisalimia. Kusema kweli nilichukia, maana huku kwetu mtoto asiyetoa shikamoo huulizwa kalelewa na nani.

"Kwenu hamsalimiani?" nikamuuliza.

Macho yake yalikuwa kwenye tangi.

"Hao wa dhahabu wanapenda maji ya baridi, hao wadogo wanapenda ya vuguvugu, ila watavumiliana," akasema. "Wa mtoni hapana. Kitu kidogo kikipita mbele yake anakimeza, hata akiwa ameshiba. Si ubaya. Ndivyo alivyo."

Nikaitua ndoo chini. Nilitaka kumuuliza mambo hayo kafundishwa wapi, lakini hapo hapo mama akatokea uani, amemshika binti yangu mkono. Mama ana miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua, hata kuswali anaswali amekaa. Alipomwona yule msichana alimwachia mtoto, akapiga magoti palepale kwenye sakafu iliyojaa nywele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," msichana akaitikia. "Umezeeka, mdogo wangu."

Nilijua mama aliwahi kuwa na dada, Zaina, aliyechukuliwa na Mkondoa mwaka wa mafuriko, mama akiwa bado mdogo. Maiti haikupatikana. Kila mwaka mama humsomea dua, na siku hiyo hali chakula mpaka jioni. Sasa nawasikia wanaongea Kisagara, kile cha bibi zetu, ambacho wasichana wa siku hizi hawakijui. Mama analia na kucheka. Sijawahi kumwona mama yangu akicheka vile, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee.

Akanigeukia. "Mwanangu, mwambie karibu. Mimi hapa ni mgeni tu, nyumba ni yako. Hawezi kuingia mpaka wewe useme."

Jamani, mlitaka nifanye nini? Mama yangu yuko magotini ananiomba neno moja, neno ninalowaambia hata wauza vitambaa. Mdomo ulishafunguka.

Ndipo nikaona yule msichana anatazama wapi. Binti yangu alikuwa amechuchumaa pembeni ya ndoo, anachezea maji kwa kidole. Mgeni alikuwa anamtazama yeye. Hakuwa na hasira wala chuki usoni. Alikuwa hapepesi macho, na mdomo wake ulikuwa unafunguka taratibu, wenyewe. Nikaelewa. Kwa yale maneno ya kambale alikuwa ananieleza habari zake mwenyewe, na alinieleza mapema ili nisije nikasema sikuambiwa.

Nikamnyakua mtoto.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema. "Nakuomba uende. Hapa hapana nafasi."

"Marahaba," akaitikia. Akainamisha macho, akageuka, akaondoka.

Nilitoka mbio na mtoto kifuani. Barabara nyeupe, hakuna msichana upande wowote. Nikawauliza vijana wa bodaboda ambao kijiwe chao kinatazamana na mlango wangu. Wakashangaa. "Dada, hajaingia wala kutoka mtu. Tumemwona bibi tu, kapiga magoti mlangoni analia. Kwani mmefiwa?"

Mama hakunigombeza. Alikunja nguo zake, akaniambia, "Nimempoteza mara mbili, na mara hii ni wewe," akapanda gari la Kisanga jioni ile ile. Imepita miezi minane. Salamu zangu za simu alikuwa anaitikia, zaidi ya hapo hakuwa na neno na mimi.

Ikawa hivyo mpaka wiki iliyopita. Alipiga simu mwenyewe, sauti imechangamka kama ya msichana. Akaniuliza lini nampeleka mtoto, wanatamani kumwona.

"Mnatamani wewe na nani, mama?"

Akakata simu.

Sijaenda. Kila siku najiambia nitakwenda peke yangu nikamwone mama yangu, na kila siku nafika stendi narudi. Nawe unayenisoma, kama una mtoto mdogo ndani, usiseme karibu kwa mazoea. Mtazame kwanza mgeni wako, uone anamtazama nani. Na kama mzee wako anakuomba umkaribishe, huku analia, mgeni huyo mtazame mara mbili.