Pwani Iliyo Ng'ambo ya Daraja

Ukitaka kwenda Pwani kutoka Garissa huhitaji basi wala nguo za kuogelea. Panda tuktuk hadi darajani, shuka kwenye kizuizi, onyesha kitambulisho, kisha tembea. Ukishauvuka mto Tana uko Madogo, na Madogo, kwa ile ramani inayoning'inia darasani kwetu, iko Mkoa wa Pwani. Sisi wa upande huu ni Kaskazini Mashariki. Watu wa Nairobi hujinyima mwaka mzima ili wafike Pwani mwezi wa Desemba. Mimi naweza kwenda na kurudi kabla chai ya mama haijapoa.

Najua, mikoa haipo tena. Ilizikwa kabla sijaota meno, tukapewa kaunti arobaini na saba. Lakini hakuna aliyeipelekea ramani yetu habari za msiba, na mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa Kakamega, haruhusu yeyote aibandue. Husema ukitaka kuelewa nyumba lazima ujue ilivyokuwa kabla ya kugawanywa vyumba.

Basi muhula ule shule ikapata gari la kutupeleka Kisumu siku tatu. Kiti kilikuwa kimebaki kimoja, na nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nina miaka kumi na sita na sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Mwalimu akanipa masharti: kiti ni changu nikileta ripoti kuhusu mkoa mwingine niliokanyaga kwa miguu yangu mwenyewe wakati wa likizo. Nikileta upuuzi, kiti kinaenda kidato cha pili. Kidato cha pili, wale watoto ambao bado wanaandika majina yao kwenye rula zisiibwe.

Likizo hiyo ayeeyo, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa kwetu. Alikuwa ametoka Bute, juu kabisa huko Wajir Kaskazini, kuja kutolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipoondolewa alianza kukagua kila kitu. Akasema mama amezeeka, paka amekonda, na mimi nina sura ya mtu anayedanganya. Daktari alikuwa amefanya kazi nzuri.

Nilimwomba anisindikize ng'ambo. Nilihitaji shahidi, maana mwalimu haniamini hata nikimwambia leo ni Jumanne. Kizuizini ayeeyo alifungua fundo la mtandio wake akatoa kitambulisho. Askari akaitazama picha, akamtazama yeye, akasema huyu wa kwenye picha ni msichana. Ayeeyo akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hata wewe utazeeka." Tukapita.

Mpango wangu ulikuwa mfupi: kukanyaga Pwani, kupiga picha moja, kurudi kula. Sikuwa nimeuhesabu utaratibu wa ayeeyo. Kwao wafugaji, huingii kwenye ardhi ya watu ukatoka kimya kimya. Unatafuta mwenyeji, unatoa habari za kwenu, unapokea za kwake. Ukiondoka bila habari ni kama umeiba. Kwa hiyo alimtafuta mwenyeji, akampata: mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mti wa mathenge akichunga mbuzi.

Ayeeyo alimsalimu kwa Kisomali, ambacho kwake huisha baada ya salamu na bei. Mama akajibu kwa adabu. Kisha ayeeyo akajaribu Kioromo cha Bute, na uso wa yule mama ukafunguka kama duka baada ya swala. Alikuwa Muorma, na lugha yao na ile ya Bute ni ndugu. Sijui ni kilomita ngapi kutoka Bute hadi pale, lakini ramani yetu imeyatia maeneo hayo mawili rangi mbili tofauti, na hawa wawili wakawa wanamaliziana sentensi na kuchekana namna ya kutamka. Mimi niliwafuata kwa sababu nililelewa Bute miaka mitatu ya kwanza ya shule. Walikaa saa tatu. Saa ya kwanza nilihesabu nzi. Saa ya pili nikajikuta nimesogea karibu. Saa ya tatu adhana ilinishtua.

Nikarudi nyumbani nikaandika upuuzi. Niliandika mawimbi, minazi, upepo wenye chumvi, na samaki mkubwa kama mlango wa msikiti. Habari za mbuzi wa yule mama na kikohozi chao niliona si mambo ya kumpeleka mtu Kisumu.

Shule ilipofunguliwa mwalimu aliisoma ripoti yangu mbele ya darasa zima. Aliisoma polepole, kwa sauti ya upole, na upole wa mwalimu yule ni dalili mbaya. Alipomaliza akaniuliza ni Pwani ipi hiyo. Nilienda kwenye ramani nikaweka kidole.

"Hapa, mwalimu. Rangi imebadilika. Umesema mwenyewe ramani haidanganyi."

Darasa lilicheka, naye akainama akatazama kidole changu. Kwa upande wa mpaka nilikuwa nimemshinda, na nilisimama pale kama wakili aliyelipwa vizuri.

"Na mawimbi?" akauliza.

"Siku hiyo yalikuwa mengi, mwalimu."

Akasema kesho nije na shahidi wangu.

Ayeeyo alikuja asubuhi, akakaa kwenye kiti cha mwalimu bila kukaribishwa. Mwalimu akamwamkia ayeeyo kwa kumwita "mama", akamjulia hali ya jicho, kisha akaniambia nitafsiri, kwa kuwa darasa zima lilikuwa la watoto wa Kisomali na hakuna mwingine aliyejua Kioromo. Hapo nikaona Mungu ananipenda. Nimuulize ayeeyo, alisema mwalimu, aliona nini ng'ambo. Nikauliza. Ayeeyo akajibu kwa kirefu, na mikono juu.

"Anasema bahari ilikuwa shwari," nikatafsiri, "ila baadaye upepo ukaja."

Mwalimu alikuwa ameshika chaki, tayari kuandika. Lakini kuna neno moja ayeeyo alilidaka njiani. Aligeuza lile jicho lake jipya akanitazama.

"Bahari?" akasema kwa Kiswahili, ili lifike kila dawati. "Bahari habana. Mbuzi."

Sitaeleza kelele zilizofuata. Nilikiona kiti changu kikitoka mlangoni, kinapita uwanjani, kinaingia kidato cha pili.

Mwalimu hakupiga kelele. Alivuta dawati akakaa mbele ya ayeeyo, magoti yao karibu yagusane. "Mbuzi gani?" akaniambia. "Tafsiri. Ukiongeza hata nzi mmoja, nitajua."

Nikatafsiri. Ayeeyo alikuwa ameibeba kila habari ya yule mama bila kumwaga, kama mtu aliyebeba maziwa. Mbuzi wana kikohozi tangu mvua ndogo. Mto umekula kingo na kuondoka na shamba la migomba la jirani. Mvua ikianza ng'ambo, wafugaji wa huku huomba malisho huko, na huko kukikauka, wao huja huku, na hajawahi kusikia mtu akiulizwa ni wa mkoa gani, huulizwa ana mifugo mingapi. Binti yake ameolewa Garissa na kila siku huvuka kumpikia mama yake chakula, kwa hiyo analala mkoa mmoja na kupika mwingine. Mwisho kulikuwa na swali, na ayeeyo alisema mama yule alitaka lifikishwe kwa yeyote anayehusika: aliyechora mpaka katikati ya mto, mbuzi wake walikuwa wanakunywa maji wapi?

Mwalimu alilicheka swali hilo hadi akavua miwani. Kengele ililia na hakuna aliyesimama. Baadaye alinirudishia ripoti yangu ikiwa na sifuri nene kama yai la mbuni.

"Kesho uniletee nyingine," akasema. "Hii ya mbuzi."

Niliandika kurasa sita. Kuandika bila kuongeza chumvi ni kazi ngumu, wallahi mkono uliniwasha. Kila nilipofika pazuri palikuwa panaomba samaki mmoja tu, mdogo, nami nikamnyima.

Iliporudi ilikuwa na vema kila ukurasa. Alipigia mstari mwekundu sentensi moja tu, ile niliyoandika kwamba kufikia saa ya tatu sikutaka kurudi nyumbani. Pembeni akaandika: "Uongo." Nilitaka kwenda ofisini kubishana, maana katika kurasa zote sita hiyo ndiyo niliyoiandika bila hata kufikiri. Lakini jina langu lilikuwa limeshaingia kwenye orodha ya gari, kiti cha dirishani. Nikamwachia ushindi huo mmoja.