Kitenzi Kilichonikosesha Consolata

Enzi zetu pale Buterere, mtaa wa bondeni, kumwambia msichana unampenda kulihitaji ujasiri, viatu na lugha. Mimi nilikuwa na lugha tu, nayo ya kuazima.

Kulikuwa na masera mmoja, mtawa Mhispania, mfupi na mkali, aliyetufundisha Kihispania kila Alhamisi kwenye ukumbi wa parokia. Tusidanganyane, tulifuata biskuti. Vyura wa mashamba ya mpunga walimpigia kelele, naye aliwapigia zaidi, na sisi tulinuka ndagala, dagaa wetu wa mchana. Siku hiyo alileta kitenzi querer. Alisema kina ugonjwa: ukisema mimi, ile e ya katikati inapasuka, inakuwa quiero, wewe, quieres, ukifika sisi kinapona, queremos. Tena kina maana mbili. Quiero pan, nataka mkate. Te quiero, nakupenda. Darasa zima likacheka, tukasema kumbe masera anatupenda kama mandazi.

Mimi sikucheka. Consolata, binti wa jirani yetu fundi cherehani, alikuwa anarudi Uvira, ng'ambo ya mpaka, na wazazi wake Jumamosi ile, na nilikuwa bado sijamwambia kitu. Kwa Kiswahili nisingethubutu: "nakutaka" ni matusi, na "napenda" mtaani kwetu tulisema hata kwa chai. Kwa Kirundi mama angesikia, na mwiko wake ulikuwa mrefu. "We maliza kwanza mahesabu," alizoea kusema, "mapenzi itakungojea."

Ijumaa nikamkuta Consolata bombani, ndoo yake inajaa. Nikajikaza, jasho linanitiririka, nikasema: "Te quieres."

Consolata alikuwa wa kwanza darasani kwa masera. Alinitazama kwa huruma. "Ndiyo, mi najipenda," akasema. "Na we, unajipendaka?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichosema. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini akatabasamu, akateremsha sauti. "Enda usahihishe. Kesho, mbele ya kuenda, utaniambia muzuri."

Nilisahihisha. Nilimwambia mbuzi te quiero, nikauambia na ukuta. Mvua nayo ikanyesha mpaka asubuhi, maji yakaingia nyumba za chini, ya kwao ikiwamo. Nilipofika nikiwa nimelowa hadi kiunoni, mlango ulikuwa wazi. Walikuwa wameondoka alfajiri kuyakimbia maji.

Leo tunaishi Kinanira, mlimani, na mwanangu anawaandikia wasichana watatu "jtm", nakupenda ya Kifaransa iliyokatwakatwa, kabla hajanywa chai. Herufi tatu, kitenzi hakijui hata kwa sura. Uvira kwake ni kubonyeza kidole. Namcheka, halafu namwonea wivu, tena sana.

Masera hakutufikisha kwenye wakati uliopita. Niliutafuta mwenyewe ukubwani, na sasa nausema bila kosa: te quise, nilikupenda. Mke wangu huniuliza ninanung'unika nini pale dirishani. Namwambia ni sarufi.