Sifuri za Pampu Yetu

Mimi ni mtu wa kushuku, nakubali. Mke wangu anasema hata chumvi ya soko la Tsoka naionja kwanza ndipo nilipe. Basi siku watu wa maji walipobandika mchoro wa pampu yetu ukutani, hapa kambini Dzaleka, Malawi, niliutazama mara moja tu nikasema: hapa tumechezewa.

Nukta zote, kila moja lita za siku moja, zilikaa juu, na mstari uliopitishwa kati yake ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Maana yake pampu yetu haina shida, kisima kipya kiende mtaa mwingine. Aka! Oktoba karibu yote pampu ile ilitoa hewa tupu. Mke wangu, mimba ya miezi saba, alivuka mitaa miwili na bidoni la maji kichwani. Tulikuwa tunakiomba kisima kile kifike kabla ya mtoto.

Nilianza na mama Mrundi anayetunza pampu. Kila alfajiri anapampu dakika moja, anaandika daftarini lita zilizoingia kwenye bidoni, na kila mwezi mimi napiga picha kurasa zake na kuzituma ofisi ya watu wa maji, Lilongwe. Nikamuuliza Oktoba aliandika nini.

"Niliandika zero. Maji haikutoka, ningeandika nini?" Akanitupia daftari. "Unasema mi muongo?"

Sifuri zilikuwemo, zimefuatana. Basi wezi wako Lilongwe! Nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabarani, nikadandia gari la Lilongwe.

Ofisini nilimkuta binti Mmalawi anayechora michoro. Nikammwagia maneno kwa Kichewa changu cha kuungaunga. Akanisikiliza, akasema zikomo, asante kwa kuja, akageuza kompyuta nione. Kabla ya kuchora, kompyuta ilikuwa inaruka kila sifuri.

"Nani aliagiza?" Nikapiga meza.

Alitafuta polepole. Nilidhani anatunga uongo. Kisha akafungua ujumbe wa Februari.

Ulikuwa wangu. Niliwaeleza kwamba sifuri ni za Jumapili: mama wa pampu anashinda kanisani, na kwake ukurasa wenye nafasi tupu ni aibu, kwa hiyo anaijaza sifuri. Nikamalizia: toeni sifuri zote. Niliona fahari kuandika vile, wajue kwamba nilisoma hesabu Bukavu. Na wakati wa mvua ilikuwa kweli, hakuna sifuri nyingine iliyokuwapo. Oktoba ilipofika sikuukumbuka hata kidogo.

Binti akatoa Jumapili peke yake, akachora upya. Nukta za Oktoba zikaanguka hadi chini, mstari nao ukateremka kuzifuata. Nikauliza habari ya kisima. Akasema mtaa ule mwingine wameanza kuchimba tangu jana, sisi labda mwakani.

Nilirudi nikamkuta mke wangu ndiyo kwanza anatua bidoni mlangoni. Nikamweleza yote, sikuficha kitu. Niliona aibu. Nilitarajia apige kelele. Akakaa juu ya bidoni, mkono tumboni, akihema.

"We njo uliniambia bantu ba ofisi balituibia," alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Kila siku nikipanda na maji nilikuwa nabatukana, njo nilikuwa napata nguvu ya kufika. Sasa kesho nitatukana nani?"