Mbuzi Aliyeahidiwa kwa Wimbo

Juzi nilitafuna karanga za kukaanga, na ghafla nikasikia ladha ya nzige. Usicheke. Mwaka ule wa nzige, nilipokuwa msichana mdogo, nyanya alikuwa akituamsha alfajiri, kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Tunawaokota kwa vibuyu, anawakaanga kwa chumvi, mabawa yananasa kwenye meno. Tulishiba wee! Halafu tukaangalia shamba: vijiti vitupu. Nyanya akasema, “Kuleni vizuri, hayo ndiyo mahindi yenu.”

Njaa iliyofuata ndiyo iliyomleta kijana mmoja kutoka ng’ambo ya mto Athi. Watu wake walikufa njiani. Jirani yetu akampa kazi ya kuchunga. Ng’ombe za jirani kila moja ilikuwa na jina lake, yeye aliitwa “wewe.” Hata alipokuwa mtu mzima, na ndevu zimetoka, ni “wewe, leta maji.” Na kwetu mtu asiye na ukoo haoi, wala haketi na wanaume kwenye pombe ya asali.

Lakini alijua kutunga. Mimi masomo yangu yaliishia kitabu cha kwanza cha misheni, sijui kupima mashairi, ila nilisikia nyanya akiacha kutwanga ili amsikilize akipita na ng’ombe. Wakati huo watu wa ng’ambo ya kilima walikuwa wanatushinda kwa ngoma kila mara pale Mbumbuni. Jirani akamwambia mbele ya wanaume, “Wewe, tutungie wimbo wa kuwanyamazisha wale, nami nitachinja mbuzi, uingie ukoo wetu.”

Akautunga. Naugeuza kutoka Kikamba, utamu mwingine umemwagika:

*Mvua ikinyesha najibanza kwenye kuta za watu.*
*Niiteni mara moja, mnavyoita ndama jioni,*
*nami nitaitika.*

Ah, siku ile tulipouimba Mbumbuni! Vumbi, kengele za miguuni, akina mama wakilia waziwazi. Wale wa ng’ambo ya kilima walifungasha ngoma zao wakaondoka kimya. Tulirudi nyumbani tukiimba njia nzima, jua bado liko juu.

Wanaume walipoketi kwenye pombe, naye mtunzi akaja, akasimama mbele ya jirani.

“Baba, mbuzi yangu?”

“Mbuzi gani?”

“Ile ya kuniingiza ukoo.”

Jirani akageukia wenzake. “Sikieni huyu! Ng’ombe yangu akilia vizuri, nimwingize ukoo?”

Wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Yule akasema polepole, “Uliahidi, baba.”

“Wimbo ni wetu. Wewe ni wa kwenu, huko ulikotoka.”

Hapo mke wa jirani, mama mwenye mdomo, akaanzisha ule wimbo, na alipofika pale pa *nitaitika*, akalia kama ndama: “Mbuuu!” Watoto wakadaka. Wanaume wakadaka. Boma zima likawa mbuuu, mbuuu.

Siku hizi ngoma zile hazipo, na boma lile ni shamba la ndengu. Mimi namwona yeye tu, akiegemeza fimbo yake ya kuchungia ukutani, taratibu, isianguke. Akapita mlangoni, akashika njia ya mji wa Sultan Hamud. Jirani akadhani anaenda kichakani kujisaidia, akamwitia mgongoni, “Wewe, ukirudi kamua!”

Hakugeuka, wala hakurudi tena. Sisi tuliendelea kuimba.